UZI: Kupanga likizo ya uvuvi katika pwani ya Kenya, kuanzia gatini hadi kilindini

Mshipi Mrefu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kila Disemba inapokaribia, swali linaloulizwa humu ni moja: boti ya kwenda kuvua sulisuli, yule samaki wa mdomo mrefu kama mkuki, Watamu au Malindi inakodishwa kwa bei gani? Kwa maoni yangu swali hilo lingepaswa kuulizwa mwisho. Anayepanga likizo ya uvuvi aanze na pepo, afuatishe mwezi, kisha achague mahali, na boti ije baada ya hayo. Wapo wanaolipia vyumba vya wiki nzima mwezi wa Juni kwa sababu bei imeshuka, halafu wakishafika wanakaa barazani kutazama mawimbi yakivunjika mwambani, na boti zote za uvuvi wa mbali zimepandishwa nchi kavu kwa ukarabati. Bei ilishuka kwa sababu ya kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, na hakuna aliyewaambia.

Basi tuanze na pepo. Kusi huanza kuvuma Aprili pamoja na mvua za masika, hupata nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, na hulegea Septemba. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, hushika kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi. Katikati yake hupatikana maleleji, kipindi ambacho upepo hauna msimamo na bahari mara nyingi hutulia. Kwa mvuvi mgeni, miezi ya kuhesabia ni Agosti ya mwisho hadi Machi, lakini si kwa samaki wale wale. Agosti hadi Oktoba ni msimu wa jodari wa mapezi ya njano, ambao hupita kwa makundi makubwa, na nahodha huwatambua kwa mbali kutokana na ndege wa baharini wanaojitupa majini. Kuanzia Novemba hadi Januari sulisuli huwa wengi, hasa upande wa Malindi. Januari hadi Machi ndio wakati wa kumtafuta nduaro, jamaa mkubwa wa sulisuli: nduaro wa milia kwanza, na wakati mwingine yule mweusi na yule wa buluu. Ningeulizwa mimi, ningechagua wiki za mwanzo za Machi: wageni wa Krismasi wameshaondoka, kaskazi imelegea, na nduaro bado wapo. Joto ni kali, hilo sikatai.

Baada ya pepo, mwezi. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba saa za bamvua katika pwani hii hazibadiliki sana mwaka mzima: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ukijua tarehe ya mwezi mwandamo, unaweza kukisia saa za maji kabla hata ya kutazama jedwali, ingawa jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, nalo ni la lazima kulitazama.

Sasa mahali. Nitazungumzia ukanda wa Watamu na Malindi kwa sababu ndani ya kilomita chache unapata hatua zote nne za uvuvi: gati, mkono wa bahari wenye mikoko, mwamba, na kilindi. Ukitoka Mombasa kwa barabara unavuka daraja la Kilifi, unapita Gede, na Watamu iko kulia kwako. Malindi iko mbele kidogo, na ina uwanja wa ndege wenye safari za Nairobi.

Ushauri wangu ni kuzipanda hatua hizo moja baada ya nyingine. Wengi huziruka tatu za mwanzo kwa kudhani ni mchezo wa watoto, kisha hulipa fedha nyingi kukaa ndani ya boti kubwa bila kujua hata namna ya kushika mshipi, kwa hiyo mabaharia huwavulia na wao hupigwa picha.

Gatini, au ukingoni popote wasimamizi wanaporuhusu, vifaa ni vichache: mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye chupa au kipande cha ubao, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi), ndoana ndogo, na vipande vya ngisi au kamba kwa chambo. Vifaa hivi hupatikana katika maduka ya karibu na diko, na muuzaji atakuambia ndoana ipi inafaa ukimwambia unakwenda kuvua wapi. Fika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, uvue hadi yaanze kutoka. Utapata changu wadogo, kolekole wachanga, na pengine tengesi. Faida kubwa iko kidoleni: utajifunza kutofautisha samaki anayeonja na samaki aliyemeza, na kuuachia mshipi uteleze bila kukukata. Jifunze pia kutoshika kila kitu kwa mkono mtupu. Miiba ya tasi ina sumu yenye maumivu makali, na bunju, yule anayejivimbisha, asiingie kabisa kwenye chungu, kwa sababu sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Hatua ya pili ni mkono wa bahari wa Mida, ulio ndani ya eneo la akiba la Watamu, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Hapa usiende peke yako. Tafuta mwenyeji kupitia kikundi cha usimamizi wa ufuo, yaani BMU, akupeleke kwa mtumbwi. Mnaingia maji yakianza kujaa na kutoka kabla hayajawaacha kwenye tope. Uvuvi wa mikokoni ni wa subira na ukimya, na ndio unaofundisha mwendo wa maji kuliko mwingine wowote.

Hatua ya tatu ni mwamba, na hapa sheria inataka uangalifu. Hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na ndani ya mipaka yake hairuhusiwi kuvua, kuokota makombe, wala kuvunja matumbawe. Eneo la akiba linalozizunguka lina masharti yake tofauti, ambapo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mipaka hii haionekani kwa macho ya mgeni, basi mwulize nahodha kabla ya kung'oa nanga, na akijibu kwa kubabaika, shuka. Nje ya mwamba mnatia nanga au mnaachia boti ielee, na mshipi wenye chubwi unashuka hadi chini kutafuta changu, kungu na chewa. Mkiwa safarini mnaweza kukokota chambo nyuma ya boti kwa ajili ya nguru na kolekole. Wengi wa wenyeji wanaona siku hii ndiyo tamu kuliko zote, nami nakubaliana nao: samaki ni wa kuliwa, gharama ni ya wastani, na nchi kavu bado inaonekana.

Hatua ya nne ni kilindi. Katika sehemu hii ya pwani kitako cha bara, yaani sakafu ya maji ya kina kidogo inayofuata pwani, ni chembamba, kwa hiyo maji hushuka ghafla na boti haihitaji safari ndefu kufika penye samaki wakubwa. Malindi ina jambo lake la pekee: Mto Sabaki humwaga maji ya udongo upande wa kaskazini mwa mji, na pale maji ya rangi ya kahawia yanapokutana na maji ya buluu hujengeka mstari unaoonekana wazi. Samaki wadogo hukusanyika hapo, na sulisuli huwafuata. Boti hutoka karibu na saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa kaskazi huzidi nguvu kadiri jua linavyopanda, na hukokota chambo kwa mwendo wa maili saba au nane za baharini kwa saa. Kisha ni kusubiri. Saa nyingi zinaweza kupita bila chochote kutokea, halafu fimbo zote zikapinda kwa mara moja. Asiyeweza kuvumilia ukimya huo aishie mwambani.

Uvuvi huu wa fimbo una historia hapa: mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, na boti za Watamu, na za Shimoni kule pwani ya kusini, zina wageni wanaorudi mwaka hadi mwaka. Lakini sifa za zamani hazikaguzi injini. Kabla ya kulipa, omba kuona cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya, hesabu majaketi okozi na uhakikishe yapo ya kila mtu, pamoja na ya watoto kama mnao. Hakikisha kuna redio inayofikia idhaa ya 16, ile ya wito wa dharura, kwa sababu simu ya mkononi hupoteza mtandao mapema mno. Boti iwe na injini mbili, au moja yenye nyingine ndogo ya dharura. Ulizeni pia kama leseni ya uvuvi wa michezo ya kila mgeni imo ndani ya bei, na samaki watakaovuliwa ni wa nani. Boti nyingi huhesabu samaki kuwa mali ya boti, na mgeni hupewa kitoweo cha jioni. Si dhuluma, ni desturi, ila ijulikane kabla.

Naomba michango yenu.

Mtu wa Bara

Mkuu, ahsante kwa uzi huu. Sisi ni familia kutoka Nakuru: mimi, mke wangu, mdogo wangu, na watoto wawili wa miaka 9 na 12. Hakuna ajuaye kuogelea vizuri zaidi ya mdogo wangu. Je, kuna haja ya kwenda kilindini na watoto? Na gharama ya boti inapungua vipi, maana bei niliyotajiwa ilinifanya nifikirie kurudi Ziwa Naivasha.

Mshipi Mrefu

Ndugu, watoto wabaki na mama yao siku ya kilindini, isipokuwa huyo wa miaka 12 kama ameonyesha siku ya mwambani kwamba tumbo lake linahimili. Siku ya mwambani ndiyo kipimo. Mtoto aliyetapika kwa saa tatu akiwa kwenye boti ndogo atatapika kwa saa nane akiwa kwenye boti kubwa, na hakuna nahodha atakayegeuza safari iliyolipiwa na watu wanne kwa ajili ya mmoja.

Kuhusu gharama, boti hukodishwa yote pamoja na nahodha, baharia, mafuta, chambo na vifaa, si kwa kichwa. Kwa hiyo watu wanne wakichangia, kila mmoja hulipa robo. Waulizeni wenye boti kama kuna wageni wawili wanaotafuta wenzao, kwani mara nyingi wapo. Nusu siku inatosha kwa mara ya kwanza. Siku nzima ni ya mtu anayejua anachokitafuta.

Juu ya kichefuchefu, dawa humezwa usiku uliotangulia na tena alfajiri. Ukisubiri hadi boti ianze kuyumba umeshachelewa. Kuleni chakula chepesi, tafuneni tangawizi, kaeni nyuma ya boti penye upepo lakini mbali na moshi wa dizeli, na macho yatazame upeo wa bahari. Msiingie chumbani kulala, hata mkishawishika.

Mkaazi wa Tanga

Mwanzisha uzi ameeleza vyema, lakini ameipa Shimoni sentensi moja tu, na hilo si haki. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa cha Pemba na bara, ni mlango wenye kina cha mamia ya mita, na samaki wakubwa hupita humo kama watu wanavyopita katika kichochoro cha soko. Kutoka Mombasa unavuka kivuko cha Likoni, unafuata barabara ya kusini, na unakata kushoto kabla ya kufika mpakani. Kijiji ni kimya kuliko Watamu, na boti ni chache, kwa hiyo nafasi iwekwe mapema.

Naongeza mambo mawili ya kiusalama. La kwanza ni kwamba mkondo wa bahari katika mlango huo huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi inapovuma, upepo na maji huenda upande mmoja. Kaskazi inapovuma hugongana uso kwa uso, na mawimbi huwa mafupi, yamesimama wima, hata siku ambayo upepo wenyewe si mkali. Mgeni anayetazama miti ya ufukweni na kusema leo kumetulia atashangaa akifika nje. La pili ni mpaka. Kenya na Tanzania zinagawana mlango huo, na samaki aliyenasa hajui mpaka. Nahodha mzuri huujua na haachi boti ielee kuelekea kusini kwa ajili ya kumfukuza nduaro. Kuvua upande wetu kunahitaji kibali cha Tanzania, na ukiwa karibu na Pemba unashughulika na mamlaka za Zanzibar, ambazo zina utaratibu wao wa uvuvi.

Mshipi Mrefu

Nimekubali, Shimoni inastahili uzi wake. Kwa familia yenye watoto bado ningewaelekeza Watamu, kwa kuwa siku upepo ukizidi kuna Mida na magofu ya Gede ya kutembelea. Shimoni upepo ukizidi, chaguo lililobaki ni mapango na kusubiri.

Mjukuu wa Nahodha

Nina swali ambalo naona linakwepwa katika mazungumzo haya yote. Sisi tuliolelewa Lamu tulifundishwa kwamba samaki huvuliwa ili aliwe au auzwe. Hawa wanaomtesa sulisuli kwa nusu saa, wakampiga picha, kisha wakamwachia aende zake, wanafanya nini hasa? Kuna wazee wanaoona jambo hilo ni israfu na ni dhuluma kwa kiumbe. Na tunajua kwamba nyama ya sulisuli ina soko. Baharia anayetazama samaki wa kilo 30 akirudishwa majini, na nyumbani ana watoto, anafikiri nini?

Mshipi Mrefu

Swali lako ni zito, na sitalijibu kwa mkato.

Nakubaliana nawe nusu. Kumvua samaki kwa ajili ya picha pekee hakunipendezi, na ndiyo maana nimesisitiza siku ya mwambani, ambapo kila kinachopatikana kinaingia kwenye kapu. Hata kilindini, jodari, nguru na fulusi ni kitoweo, na hakuna anayesema warudishwe. Mjadala unawahusu sulisuli na nduaro tu. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, imemhesabu nduaro wa milia miongoni mwa samaki waliovuliwa kupita kiasi, na sehemu kubwa ya uvuvi huo hufanywa na meli za mishipi mirefu na nyavu za mbali, si na mashua za Lamu. Kwa nduaro mweusi na wa buluu, wakubwa kabisa ni majike, kwa kuwa dume ni mara chache apite kilo 160. Basi anayemuua yule mkubwa kwa ajili ya kumpima uzito gatini anaua mzazi.

Halafu kuna faida ya elimu. Huko Watamu kuna taasisi iitwayo African Billfish Foundation inayowapa manahodha vibandiko vyenye namba. Samaki huchomekwa kibandiko karibu na pezi la mgongoni kabla ya kuachiliwa, na mwenye kumvua tena, popote Bahari ya Hindi, akituma taarifa, hujulikana samaki huyo alikwenda wapi na kwa muda gani.

Ila kumwachia samaki kuna adabu yake, na hapa ndipo dhuluma unayoitaja hutokea. Itumike ndoana ya duara, ambayo hunasa pembeni mwa mdomo badala ya tumboni. Samaki asipandishwe ndani ya boti kwa ajili ya picha: picha ipigwe akiwa majini ubavuni mwa boti. Akichoka, boti iende polepole huku baharia amemshika mdomo wake mrefu, maji yapite matamvuani hadi apate nguvu. Na akiwa ametokwa damu matamvuani, hatapona, basi achinjwe aliwe, na baharia apate fungu lake. Kuhusu watoto wa baharia, jibu liko mfukoni mwa mgeni: bakshishi ya siku hiyo isiwe ndogo kuliko thamani ya samaki aliyerudishwa kwa ajili ya starehe yako.

Mjukuu wa Nahodha

Hilo la bakshishi wageni wangeliandikiwa ndani ya boti kwa herufi kubwa. Juu ya hayo mengine sijaridhika kabisa, lakini nimeelewa.

Mpishi wa Kibokoni

Mimi nitasema juu ya kitoweo, maana naona mmekifikisha gatini mkakiacha juani. Jodari na jamaa zake wote, pamoja na sehewa na kibua, huanza kuharibika kwa namna ambayo pua haigundui. Wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu inayoleta wekundu wa ngozi, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Kwa hiyo sanduku la barafu si anasa. Samaki akipanda tu, achinjwe atoke damu, atolewe matumbo, afunikwe barafu kabisa. Mkienda na boti ndogo ya mwambani, nunueni barafu wenyewe alfajiri, msitegemee ahadi.

Changu na kolekole wanafaa kupaka: mbanike juu ya makaa, kisha mpakeni tui zito la nazi lililopikwa na ukwaju, kitunguu thaumu na pilipili. Nguru mkateni vipande mkaange. Mkibakiwa na wengi, mwombeni mama yeyote wa karibu na diko awapasulie na kuwatia chumvi muwaanike ng'onda, na hao watafika Nakuru salama.

Mtu wa Bara

Wakuu, nimejifunza mengi. Nimepanga hivi, mnisahihishe: tunafika Jumamosi, Jumapili kilindini kabla hatujachoka, Jumatatu mwambani, Jumanne Mida, Jumatano gatini, Alhamisi tunarudi. Itakuwa wiki ya kwanza ya Machi.

Mshipi Mrefu

Wiki ni nzuri, mpangilio umeupindua. Siku zako zote umezijaza, kwa hiyo upepo ukikataa siku ya kilindi, huna siku ya kuhamishia. Tena mtakuwa bado hamjashika mshipi.

Sogezeni safari hadi mfike siku ya mwezi kuandama au kesho yake. Siku ya kwanza maji yatajaa alasiri, kwa hiyo shukeni gatini saa nane mchana na watoto, hakuna haja ya kuamka mapema baada ya safari ndefu. Siku ya pili maji yatachelewa kidogo tu, nanyi mtaingia Mida nayo alasiri na kutoka jua likitua. Siku ya tatu iwe ya mwamba. Siku ya nne maji yatakuwa yanajaa alfajiri, na boti itapita mlango wa mwamba bila kugusa chochote, basi hiyo ndiyo ya kilindi, wewe na mdogo wako na wenzenu wawili mtakaowapata. Siku ya tano iacheni wazi. Nahodha akisema asubuhi ya siku ya nne kwamba leo hatutoki, msibishane naye, wala msitafute mwingine anayekubali: hamieni siku ya tano. Na malipo yote yasitolewe mapema. Lipeni sehemu ya kushikia nafasi, na mwandikiane kwamba safari ikiahirishwa kwa hali ya hewa fedha inarudi au tarehe inahama.

Chupa za maji za kutumia mara moja msizibebe mkiingia hifadhini, zilikatazwa tangu Juni 2020. Ukishajua tarehe ya mwandamo iandike hapa, nitakuwekea saa za maji za siku zote tano.